Kovu Lilivyoachia Kiganja Changu

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, asifiwe na kila mwenye pumzi humu ndani. Wengi mnanijua kama Mama Uwera, fundi cherehani. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, tukarudi Rwanda baada ya vita na kupata nyumba hapa Gisenyi. Leo nashuhudia habari ya mkono wangu wa kulia.

Asubuhi moja nilikuwa nakaanga mandazi. Sufuria ya mafuta iliteleza jikoni, nami bila kufikiri nikaidaka. Kidonda kilipona, lakini kovu likaendelea kukaza. Kila mwezi vidole vilizidi kujikunja, mpaka kiganja kikawa ngumi. Sikuweza kushika mkasi, wala kumfunga mwanangu mgongoni. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, wakisema pole.

Ndugu zangu, aibu iliniuma kuliko kovu. Kwetu hupiti njiani bila kupeana mikono, nami nikawa natembea na mkono ndani ya kitenge. Tena nilikuwa na siri. Alfajiri ya siku ile ile niliyoungua, wifi yangu Odette alifika mlangoni akitokea kambi ya wakimbizi ya Mudende, amekimbia risasi, ana kifurushi kimoja tu. Mume wangu alikuwa safarini. Nilimwambia nyumba ni ndogo, nikafunga mlango, naye akavuka mpaka, akaenda zake Goma, Kongo. Nilipoungua nikasadiki kwamba Mungu amenikunja mkono kwa sababu ya mlango ule. Mwaka mzima sikuomba uponyaji. Niliona sina uso wa kuomba.

Siku moja mchana Odette akaja. Alikuwa amesikia habari zangu kwa wanawake wanaovuka mpaka pale Grande Barrière na viazi vya kuuza. Nilianza kulia kabla hajaketi, nikamwomba msamaha. Odette alikulia Goma, na Kiswahili chake ni cha huko. Akaniambia, “Wifi, ile mambo ilisha. Mi siko na hasira na we. Leta mukono nione.”

Kesho yake alinivusha mpaka, akanipeleka kwa mzee mmoja wa Goma anayenyoosha viungo, Papa Déo. Aliligusa kovu kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama ni laana.

“Hapana, mama. Iko kovu tu,” akasema. “Ngozi imeshikana na nyama ya chini. Tutaipitishia mawimbi ya sauti ya mashine ilegee, kisha tutanyoosha pole pole. Itauma, lakini usiache.”

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ina kichwa cha chuma. Alikipaka jeli, akakizungusha juu ya kovu. Sikusikia kitu, ila joto dogo likizama ndani. Halafu akaanza kunyoosha, na hapo nililia kama mtoto. Tulivuka mara mbili kwa wiki, na kidole cha kwanza kikaanza kutii.

Ndipo mpaka ukafungwa, Odette akiwa kwangu Gisenyi. Siku zikapita, nikahisi kovu linakaza tena. Nilimwambia Odette basi, Mungu amekataa. Alichukua samli, akakamata mkono wangu, akaanza kuukanda alivyomwona Papa Déo akifanya. Aliukanda kila asubuhi na kila jioni, mwezi mzima, chini ya paa lile lile nililomnyima. Nilipopiga kelele aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa kunizidi.

Mpaka ulipofunguliwa tukarudi Goma. Papa Déo akaniambia niweke kiganja mezani. Nikakiweka, na kikalala! Kidole cha mwisho bado kina pindo kidogo, mnakiona, lakini vingine vimenyooka. Papa Déo akamtazama Odette, akasema, “Bon, huyu ndiye munganga.”

Jumamosi iliyofuata nilikata kitambaa cha gauni kwa mkasi wangu mwenyewe, mwanangu yuko mgongoni, nimemfunga mimi. Gauni lile nililishona la Odette. Ndilo amelivaa leo, pale kiti cha tatu.

Namshukuru Mungu aliyeweka ujuzi mikononi mwa mzee yule, na rehema moyoni mwa wifi yangu. Nilidhani Mungu ananiadhibu, kumbe alikuwa ananitafuta kupitia mtu niliyemfukuza. Ndugu yangu uliyejificha kwa sababu ya kosa lako, usikae mwaka mzima kama mimi. Mwamini Bwana, inuka uje hapa mbele. Nitakupokea kwa mkono huu, nao uko wazi.