Bami Kapewa Mahali pa Mkubwa

Kijiwe chetu ni jukwaa la mbao mbele ya duka langu, juu kwenye kilima hapa Incheon. Wakati wa baridi nalizungushia nailoni na kuwasha jiko la mafuta, maana hawa wazee wangu hata theluji haiwafukuzi. Kahawa ni ya pakiti, vikombe vya karatasi. Wenyeji ni wawili: Sajini, aliyestaafu jeshi ila jeshi halijamtoka, na Mtaalamu, dereva wa teksi wa zamani anayejua kila jambo kwa kuwa ameliona kwenye televisheni. Asubuhi hiyo akaingia Baba Garam, fundi viatu wa hapo chini, amekumbatia kizimba alichokifunika blanketi, uso umemshuka. Ndani yumo Bami, hamsta wa mama yake, kipanya cha kufugwa kisicho na mkia wa maana. Mama alipopelekwa kwenye nyumba ya wazee mwaka jana, hakumwachia mwanawe wosia mwingine ila huyo mnyama. Na keshokutwa ni mwaka mpya wetu wa mwezi mwandamo, mama analetwa nyumbani kula supu ya sikukuu.

— Amekufa? akauliza Sajini.

— Bado. Ila jana ameanguka kutoka ghorofani.

— Ghorofa ipi tena?

— Ya kwake. Ilikuwa hapa juu. Nimeing'oa. Sasa anachechemea, na mama akimwona hivi sijui nitauweka wapi uso wangu.

— Ana miaka mingapi? Mtaalamu akauliza.

— Miwili na ushee.

— Basi huyo kikongwe. Kwa umri wao huyo anamzidi Sajini.

— Mimi usinitie kwenye hesabu za panya, Sajini akasema. Sikia, Baba Garam. Ngazi toa. Gurudumu toa.

— Nimetoa vyote. Chupa ya maji nimeishusha, alikuwa haifikii tena. Chakula nakiweka kwenye kifuniko cha mtungi, asihangaike kupanda bakuli. Chini nimemjazia karatasi laini, akiyumba aangukie penye godoro.

Nikamwangalia vizuri. Mtu huyu mimi namjua kwa kupigilia misumari na kununa, sikujua ana huruma ya namna hiyo.

— Mbona umefanya kazi nzuri, nikamwambia. Msiba wa nini?

— Leo nimemkuta kalala chali, kalegea, anahema. Nimempa maji ndiyo akajigeuza. Mama Duka, huyu akinifia kabla ya keshokutwa, mama atasema hata panya nimeshindwa.

— Dawa ni mizizi ya ginseng, akadakia Mtaalamu. Unaichemsha, unampa kwa kitone. Kuna ng'ombe mmoja nilimwona kwenye televisheni, alikuwa hoi, alipopewa akavunja zizi.

— Kwa hiyo huyu avunje kizimba? Sajini akamkata. Mzee hataki nguvu, anataka nidhamu. Zungushia vyuma vya kushikia pande zote. Kiunoni kamba, akiyumba inamdaka. Na kengele, apige akikwama.

— Apige kwa mkono upi wakati ameshika chuma? Mtaalamu akauliza. Mwekeeni lifti, mambo yaishe.

— Lifti iende wapi, ghorofa si imeng'olewa?

— Kwani lazima iende mahali?

Niliona wataniharibia mtu. Nikauliza swali la kidukani tu:

— Kizimba unakiweka wapi?

Baba Garam akainamisha kichwa.

— Chumbani kwa mama. Pale bomba la maji moto, lile la kupashia nyumba, linapoingilia chini ya sakafu.

— Penye joto kuliko kote?

— Si ndipo anapolala mkubwa wa nyumba? Nikasema huyu naye sasa ni mkubwa.

— Unamwoka, Baba Garam. Wewe sakafu ikikuchoma unajiviringisha unahama. Yeye ndani ya boksi ahamie wapi? Mpandishe juu ya meza fupi, mbali na bomba.

Masikio yakamwiva.

— Mimi nilikuwa nampa heshima, akasema kwa sauti ndogo.

Sajini alitaka kucheka, akayaona macho ya Baba Garam, akanywa kahawa.

Hapo nailoni ikafunuliwa, akaingia Bi. Tak, aliyehamia mtaani wiki hii, kafuata tofu, jibini ya soya. Kumbe alikuwa amesimama nje anasikiliza. Akachungulia kizimba, akatabasamu.

— Ana bahati huyu, akasema. Na mama akija, atalala wapi?

Hakuuliza kwa ubaya. Ni mgeni, hajui.

— Halali, Baba Garam akajibu. Jioni namrudisha kule.

— Oo. Nilidhani anakuja kwake.

— Nyumba haimfai. Mlangoni kuna kizingiti, bafu linateleza, na yeye miguu haina tena nguvu ya kupanda...

Macho yake yalikuwa kwenye kizimba, pale alipoing'oa ghorofa kwa mikono yake mwenyewe. Sisi sote tukawa tunapatazama palepale. Sajini akaanza kukaza kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea, maana mkwewe naye yuko kwenye nyumba ileile ya wazee, na Mtaalamu kwa mara ya kwanza hakuwa ameona chochote kwenye televisheni.

Bi. Tak akatuangalia mmoja mmoja. Mimi nikamfungia tofu yake, na kwa aibu nikamtilia na kitunguu cha majani ambacho hakuniomba.