Marselino na Jino la Mama Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Marselino wa Kaengesa, daktari wa meno. Marselino amefariki. Amefia nyumbani kwake, katika uzee wake.

Turudi mwaka 1957, wakati wa Waingereza. Idara ya meno ya chuo kikuu cha ng'ambo alikosomea Marselino iliitisha mkutano wa kisayansi Sumbawanga. Wataalamu walikuja. Wahitimu wa idara walikuja. Kila mhitimu alitakiwa amtibu mgonjwa mmoja mbele ya wenzake.

Zamu ya Marselino ikafika. Akaingia mwanamke aliyejifunika khanga usoni. Akaifunua. Shavu limevimba, jicho limefumba. Marselino akageukia ukutani, koleo mkononi. Mgonjwa alikuwa Josefina, mama wa mkewe.

Kwa desturi ya kwao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumtia mkono kinywani.

“Basi mpe mwenzako,” akasema profesa aliyeongoza mkutano.

Josefina akamgeukia bintiye, Kalista, aliyemleta. “Mwambie mumeo hawa wageni siwajui. Nimetoka kijijini Kate kwa ajili ya mkono wake. Akikataa, narudi na jino langu.”

“Mama, usaha huo utakuua!”

“Basi mtanizika na heshima zenu.”

Marselino alijua kwamba usaha ukishuka shingoni, mtu haponi. Alijua pia kwamba mwiko ule una mlango wake: mkwe akitoa jembe, na mama mkwe akalipokea, mwiko umeondoka.

“Naomba jembe,” akasema.

Mhitimu mwenzake, Evaristi, akaangua kicheko. “Jembe? Bwana, unang'oa jino au unalima?”

Kalista akaeleza. Profesa akasikiliza mpaka mwisho. “Mkutano unasimama,” akasema. “Lifuateni.”

Kalista akakimbia mtaa wa Mazwi, dukani kwa Hamidi. Ukumbi mzima wa wataalamu ukangoja jembe.

Jembe likawekwa miguuni pa Josefina. Akaliwekea kiganja, ishara ya kulipokea. Marselino akageuka, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. Akapiga sindano ya ganzi, akasubiri ikolee. Kisha koleo. Jino likatoka, na usaha ukafuata.

Josefina alikuwa bado kafumba macho. “Mbona huanzi, baba?”

“Nimekwisha maliza, mama.”

Wanawake waliochungulia madirishani wakapiga vigelegele. Evaristi, yule aliyecheka, alikuwa amesimama wima kama aliye kanisani.

Kalista, mjane wa Marselino, ametuambia: “Mama alipona. Tangu siku ile alikula nasi ugali wa ulezi sahani moja, yeye na mkwewe, mpaka Mungu alipomchukua.”

Bi. Kalista, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu amlaze Marselino mahali pema.

Nawe msikilizaji, huenda nyumbani kwako yupo anayeumwa na anakustahi mno hata hawezi kukuambia. Usingoje akuite. Nenda kamtazame usoni.