Mzee Ngazi wa Idara ya Madai Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Madai, Mzee Ngazi anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Alianza kama tarishi, akapanda hadi mkaguzi mkuu wa madai ya ajali za barabarani. Kama kuna mtu katika kampuni hii ya bima ambaye mzee hajawahi kumtania kuhusu kufunga tai, basi ameajiriwa jana.

Jina la Ngazi tulimpa sisi. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, na lifti iliharibika zamani, ikageuzwa stoo ya mafagio. Waliovunjika miguu walipanda ngazi kuja kudai fidia, na mzee alikuwa na kanuni yake: aliyefika juu ni mzima. Matapeli aliwanasa kweli. Yupo dereva aliyekuja na magongo mawili, mkewe akamwita kutoka chini, akashuka mbio magongo akiyaacha mezani. Tulicheka wiki nzima, na uongozi ukampa mzee saa ya ukutani kwa uhodari wake.

Sehemu inayofuata ameagiza mwenyewe iandikwe. Tulimsihi aiache, akagoma.

Miaka sita iliyopita gari la mizigo lilimgonga kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, goti likasagika. Kumbe gari lile lilikatiwa bima kwetu. Akaja kudai kama watu wengine, akapanda huku ameshika ukuta, jasho likimtoka, akikataa kushikwa mkono. Alipofika, mkaguzi ambaye mzee mwenyewe alimfunza kazi akampa pole, kisha akaandika kwamba mdai amepanda ngazi bila msaada. Dai likakatwa nusu. Mzee hakubisha. Anasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na kwamba siku ile alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aibu yenyewe haikuwa ya dai lake. Akiwa bado anapanda, alipoketi kupumzika ghorofa ya pili, alimkumbuka fundi cherehani, mama wa makamo aliyevunjika nyonga, ambaye yeye mzee zamani alimpita ameketi palepale analia. Alimpa pole, akatangulia juu, na mama alipofika akamwandika kuwa ni mzima. Mama hakupata kitu. Cherehani yake ya kukanyaga ikabidi aiuze.

Akamtafuta mpaka akampata. Mama hakumfokea, alimpa kiti, akasikiliza habari za goti na ngazi, akamuuliza tu alipopanda alitanguliza mguu gani. Mzee anasema angetukanwa ingekuwa nafuu. Alijaribu kulifufua dai lile, lakini muda wa kisheria ulikuwa umepita, na hadi leo akilitaja anaangalia pembeni. Aliporudi kazini alishusha meza yake chini, karibu na kibanda cha walinzi, na tangu hapo hakuna majeruhi anayepandishwa juu.

Sherehe za kuagana tumezoea kuzifanyia ukumbini, ghorofani. Safari hii mzee amemwalika fundi cherehani awe mgeni wake wa heshima. Jibu lilikuja fupi: atakuja, ila ngazi zile hapandi tena. Kwa hiyo Ijumaa tukutane pa kuegesha magari.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa utani, na hata kwa hili ulilotulazimisha kuliandika, maana makofi ya ile saa ya ukutani tulikupigia sisi. Ukapumzike salama, na goti lisikusumbue.