Bega la Mshindi

Basi la Homa Bay lilipotoka Oyugis, asubuhi moja ya mwaka wa tisini na sita, Bosibori aliwasikia wanaume wawili wa kiti cha mbele yake, waliojuana kwa kugombania dirisha. Mwenye koti alikuwa refa wa mbio za mikokoteni ya punda kule Suna.

"Jana nilimpapasa mshindi begani, mkono ukatoka mweusi," alisema. "Walipaka kidonda rangi ya viatu ndio nisikione. Naenda kumwambia daktari wa mifugo."

"Mzee, nyamazia hiyo. Watu wakisikia, nani atakuja tena kutazama mbio?"

"Na punda je? Ameoza mpaka mfupa!"

"Punda haiwezi sema. Ni wewe tu unasema." Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Unashukia wapi?"

"Sokoni," refa akajibu, maana waungwana hujibu kila wanaloulizwa.

Bosibori alitamani kumvuta refa koti amwonye, lakini aligeuka akatazama nje. Basi liliposimama, yule mwingine alishika chuma cha kiti ili ainuke. Kucha zake zote zilikuwa zimejaa rangi ya viatu.

"Twende, mzee," alisema. "Hata mimi nashuka hapa."