Matabishi ya Kutoka Bahari

Karibu na parkingi ya pikipiki, mbele ya fundi wa cherehani Djamali, kuna kiti kirefu cha mianzi chenye miguu mitano. Wa sita ulikwenda kuivisha maharagwe siku moja ya mvua, na mpaka leo hakuna aliyekubali kosa. Hapo ndipo Koko Mado, bibi wa parkingi nzima, anauzisha kahawa yake ya tangawizi, tangu asubuhi mpaka termosi iwe tupu. Kiti chenyewe watu wa Kasongo wanakiita Bunge, kwa sababu wanaokikalia wanasema sana na hawajengi kitu. Wenyewe ni watatu. Pitchou ni mwenye pikipiki, jina lake la utani Bila-Freni, na alama za jina hilo ziko kwenye magoti yake. Byamungu ni mutu wa Bukavu, mununuzi wa zahabu, mwenye draga moja, chombo cha kufyonza muchanga, kwenye mto kule Nyangwe. Wanamwita Karati, kipimo cha zahabu safi, ijapokuwa ukimuomba chumvi atakwambia soko limefunga. Wa tatu ni Radjabu, karani wa zamani wa kiwanda kilichokufa, wanamwita Mzee Methali. Methali zake ni za kweli zote, ila hazifiki mahali zilipotumwa.

Asubuhi hiyo Koko Mado hakuleta kahawa tu. Alitandika juu ya kiti kitu cha plastiki, rangi ya chungwa lililoiva, kimekunjwa kama suruali ya askari. Kilikuwa na kamba, na kwenye kamba kumefungwa firimbi nyeusi na kiyoo kidogo chenye tundu katikati. Alipewa na Cadette, muuzaji wa nguo za balo, yaani mitumba, kama matabishi, nyongeza ya bure juu ya sweta aliyonunua. Sweta lilikwisha kutoboka kiwiko. Lakini ndani ya plastiki kulikuwa na karatasi, na kwenye karatasi picha ya mutu ndani ya maji ya bahari mpaka shingo. Koko Mado hajui kusoma herufi, lakini shingo anaijua. Mujukuu wake Hemedi, aliyemulea yeye mwenyewe, ni plonjeri: anashuka chini ya mto na tiyo, bomba la pumzi, mudomoni, anafyonza muchanga wenye zahabu kwa ajili ya draga ya Byamungu. Na asubuhi hiyo hiyo alikuwa anarudi kazini. Koko Mado alitaka kujua jambo moja: hii kitu inaweza kumurudishia mutoto, ao haiwezi?

— Angalieni, alisema. Lakini musiguse na mikono ya mafuta.

Pitchou akagusa na mikono ya mafuta.

— Hii ni mukono ya koti la mvua.

— Mukono mumoja? akauliza Byamungu. Na wa pili?

— Mwenyewe alikuwa na mukono mumoja tu.

— Murefu hivi? Basi huyo alikuwa tembo, na huo ni mukonga.

Byamungu akacheka, akasogeza kikombe chake.

— Bila-Freni, weye unajua karburateri. Wachia wenye maji. Hii ni mufuko ya kuibia. Plonjeri wa kule bahari anashuka, anajaza zahabu, anapuliza hewa, mufuko unapanda peke yake mbali kule. Yeye anapanda hapa, mikono mitupu, anasema: Patron, leo hakuna kitu.

— Na kiyoo ni ya nini? akauliza Pitchou.

— Ya kujiangalia kwanza, kama uso hauonyeshi uongo.

— Unaijua vizuri sana hiyo kazi, Karati, akasema Koko Mado. Ni nani alikufundisha?

Radjabu akakohoa. Radjabu akikohoa, watu wote wanainua vikombe. Si kwa heshima. Ni kwa sababu kiti kina miguu mitano.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mugeni nani, Papa Radjabu?

— Kiyoo ndio mugeni. Mwenyeji ni Mamba Muntu. Kila maji iko na mwenyewe, munajua, ama munajifanya Wazungu? Mwanamuke wa maji anapenda nini? Kitana na kiyoo. Sasa bahari ni muto wenye ng'ambo moja tu, na Mamba Muntu wake ni mukubwa kama lori ya maboga. Anakushika muguu. Weye haupigani. Unamupa kiyoo. Anajiangalia. Mwanamuke akianza kujiangalia, saa mbili zimekwisha. Weye unapanda juu polepole na muguu wako.

— Na tundu hilo katikati?

— La kuchungulia kama angali anajiangalia.

— Na firimbi?

— Ya kumuambia muchezo umekwisha, akajibu Pitchou.

Koko Mado alicheka, halafu akakasirika kwa sababu amecheka. Akaweka kidole juu ya karatasi.

— Nimewauliza hii. Angalieni vizuri. Kichwa cha mutu iko hapa, kidogo kama punje ya mahindi. Pembeni yake hii kitu imesimama ndefu. Na juu, helikopta. Helikopta inafanya nini?

Hapo Bunge likapata kazi.

— Inauzwa pamoja, akasema Pitchou. Kama vile ukinunua pikipiki mupya unapewa kofia. Kule bahari ukinunua mufuko unapewa helikopta.

— Na Cadette aliweka wapi helikopta yangu?

— Muulize. Wauza balo wanatoa vitu vizuri kwanza.

— Hapana, akasema Byamungu. Helikopta ni ya mwenye zahabu. Ameona mufuko wake unakimbia.

— Nyote munakosa, akasema Radjabu. Helikopta ya watu wale iko na pua. Plastiki hii ina harufu yake. Maji ikigusa, harufu inapanda mpaka mawinguni, helikopta inasikia, inakuja. Ndiyo maana walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

Byamungu akainama, akanusa.

— Inanuka sabuni.

— Si nimesema!

Hemedi akafika akiwakuta wanaume watatu wameinamia plastiki, pua chini kama mbuzi penye majivu. Alikuwa na mufuko wake mugongoni na pamba kwenye sikio la kuume, kwa maana maji ya chini yanakula masikio ya plonjeri kabla ya kitu kingine.

— Jambo, Koko. Jambo ya wote. Nani amekufa?

— Bado, akasema Koko Mado. Angalia hii.

Hemedi akachukua karatasi. Hakucheka. Aliiangalia mpaka kahawa aliyomiminiwa ikaacha kutoa moshi.

— Hiki kichwa, akasema, ni mimi.

Wote walijua habari ya siku muto ulipomuchukua, lakini hakuna aliyewahi kuisikia kwa mudomo wake. Basi akaieleza.

— Chini kule hauoni hata mukono wako. Tunasemezana kwa kuvuta tiyo. Mara moja: ninafanya kazi. Mara mbili: munipandishe. Mara tatu: musiulize, muvute. Siku ile tiyo ilichomoka kwenye mashine. Nilivuta mara tatu, nikaona tiyo yenyewe inakuja kwangu. Nikapanda peke yangu. Lakini maji ilikuwa imekwisha kunipeleka. Nilitokea kule, katikati ya majani yanayoelea, draga naiona kama kiberiti. Nikapiga kelele. Mashine ya hewa inaunguruma, nani atasikia? Kichwa changu katikati ya majani, nani atakiona? Maji ilinitupa mahali wamama wanalowesha muhogo. Nikarudi kwa miguu, nikafika jua likishuka. Walikuwa wamekwisha kugawa nguo zangu. Koti alikuwa amelivaa Patron.

— Nililia! akasema Byamungu. Wallahi nililia, ndani ya koti lile lile.

Koko Mado siku ile hakulia. Alipomuona Hemedi mulangoni alimupiga na kitambaa cha sahani, mara moja begani, kisha akasonga bugali. Lakini tangu siku ile, kila akimimina kahawa, anajaza kikombe mpaka kinamwagika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Hemedi akatafuta kwenye plastiki, akaona mudomo mudogo upande wa chini. Akapuliza. Ana kifua cha kazi yake. Alipuliza mara saba, ile kitu ikakunjuka, ikanyooka, ikasimama ngumu, ikapita vichwa vyote, ikapita na kibanda cha kahawa. Rangi yake ikawaka juani. Mama mumoja aliyebeba maji akasimama katikati ya barabara. Watoto wakaja mbio.

— Ee! akasema Pitchou. Sasa nimeelewa. Kichwa ni kidogo, hii ni kubwa. Hawatafuti kichwa, wanatafuta hii.

— Lete kiyoo, akasema Radjabu.

Akakishika karibu na jicho, akachungulia kwenye tundu. Kipande cha jua kikaanguka chini, kikatembea mavumbini, kikavuka barabara, kikapanda ukuta, kikaingia ndani ya duka la Djamali.

— Nani anachoma macho yangu? Djamali akapiga kelele, akatoka na mukasi. Nimeshona kidole!

— Umeona, umetoka! Radjabu akamujibu kwa furaha kama mutu aliyezaa mapacha. Helikopta ingekuwa imekwisha kutua!

Pitchou naye akapuliza firimbi. Watu wakageuka mpaka kule sokoni, na wenye pikipiki wawili wasio na karatasi wakapinda haraka kwenye kichochoro, wakidhani ni polisi wa barabarani.

Basi kitu kilikuwa kimejieleza chenyewe: cha kuonekana, cha kumulika, cha kulia. Ni cha watu wanaozama na kuibuka baharini, mahali mawimbi yanaficha vichwa, ili wenzao wawapate. Watu wa Bunge waliangaliana kwa mshangao. Hawakuwa na mazoea ya kumaliza jambo.

— Kwa hiyo Mamba Muntu... akaanza Radjabu.

— Wacha, Papa, wakasema wote.

Byamungu akasimama. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na Koko Mado hakupenda namna yalivyong'aa.

— Hemedi, unakumbuka lile shimo chini ya mawe makubwa, mahali maji inazunguka? Mahali plonjeri wote wanakataa? Ukiwa na hii kitu kiunoni unaweza kushuka kule. Tiyo ikichomoka, wacha ichomoke. Unapanda, unapuliza, tunakuja kukuchukua.

— Mchimba kisima huingia mwenyewe, akasema Radjabu, kama mutu anayetoa baraka.

— Funga kinywa, Radjabu! Koko Mado akageuka. Na weye Karati, nimeleta kitu ya kumurudisha mutoto, weye unaifanya ya kumupeleka mbali zaidi?

— Koko, umeona mwenyewe. Inafanya kazi. Imemutoa Djamali ndani ya duka.

Koko Mado akamuangalia Djamali, angali mulangoni na mukasi wake. Ni kweli, ilimutoa Djamali. Na aliyekuwa amechekelea zaidi ya wote ni Hemedi. Alikuwa amekwisha kutoa hewa, amekunja, amefunga kiunoni kwa kamba mbili. Uso wake ulikuwa uso wa mutu aliyelala vizuri, uso ambao Koko Mado hakuuona tangu siku ya kitambaa cha sahani. Akapanda nyuma ya Pitchou. Pitchou akapiga pikipiki teke, ikakohoa, ikawaka.

Sasa, mwisho wa kiti, upande usio na muguu, alikuwa amekaa mama mumoja mulimaji wa kijiji cha Wamaza, jina lake Émérance, na kikapu cha kuku magotini, anangojea pikipiki ya kwenda kwao. Alikuwa amefika wakati wa kiyoo. Hakuna aliyemusemesha. Akamaliza nusu ya kahawa, akauliza kwa sauti ndogo:

— Munisamehe, mimi sijui mambo ya zahabu. Kule kwenye draga, ni nani anaangalia maji?

— Maji gani, Mama? akauliza Byamungu.

— Ya muto. Huyu kijana akipuliza hii kitu yake, ni nani atakuwa anaangalia upande huo?

— Mama, kule tuko watu kumi na mumoja.

— Ndiyo. Nani kati yao?

— Kuna mushika-tiyo.

— Anaangalia maji?

— Anashika tiyo. Macho... macho iko kwa tapi.

— Tapi ni nini?

— Ni zulia, akajibu Hemedi juu ya pikipiki, taratibu, kama mutu anayehesabu. Muchanga unapita juu yake, zahabu inanasa.

— Haya. Na mwenye mashine?

— Kwa tapi, akasema Byamungu.

— Mupishi?

— Mupishi anaangalia wale wanaoangalia tapi.

— Na weye, Patron?

— Mimi ninaangalia mupishi.

— Basi weka mumoja aangalie muto.

Byamungu akasogea karibu naye.

— Mama, mutu akiangalia muto wakati tapi imejaa, wenzake watasema amekwisha kupata yake. Watamuvua nguo, watamupekua. Hakuna atakayekubali.

— Nimesikia, akasema Émérance. Lakini sikuuliza hiyo. Nimeuliza ni nani anaangalia maji.

Radjabu akavuta pumzi ili aseme methali. Akatafuta kushoto, akatafuta kuume, haikuja hata moja. Pitchou akazima pikipiki. Hemedi akamuangalia Patron wake, akangoja, na Patron akaangalia viatu vyake. Halafu Hemedi akashuka, akaketi juu ya mufuko wake kando ya barabara, kama mutu mwenye siku nzima.

Koko Mado akachukua kikombe cha Émérance, akakijaza mpaka kikamwagika. Kisha akafunga termosi, akaikalia.

— Na sisi, Koko? akauliza Byamungu, kikombe mukononi.

— Nyinyi mutakunywa mukishamujibu.