Bi Hester Colburn Anatuachia Miti ya Mepo

Tarehe thelathini Aprili Bi Hester Colburn anamaliza kazi hapa Kituo cha Mazingira cha Pellow Brook. Ni miaka thelathini na moja ya kuwapeleka watu na watoto wao msituni kila Machi, wakaone miti ya mepo ikitobolewa na kutoa maji matamu, na maji yakichemshwa mpaka yawe shira. Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu nimefanya naye kazi miaka mingi kuliko wote. Kuandika si kazi yangu. Kazi yangu ni moto, na kwa moto hapa Vermont sijaona wa kunishinda.

Wageni wajue basi: yeye alikuwa anaongea, mimi nachemsha. Shira waliyoilamba niliipika mimi. Picha wakapiga naye. Kadi za Krismasi zinakuja kwake, mlango mzima wa ofisi umejaa. Mimi nililetewa moja, na jina wamelikosea.

Mwaka wake wa kwanza alitoboa mti ambao si mepo. Wakati wa baridi majani hakuna, na mti ule matawi yake yanakaa jozi jozi kama ya mepo, akadanganyika. Wakasimama na ndoo kwenye theluji, hata tone. Nikatoka bandani ninapochemshia, nikamwambia, "Bi Hester, huo utausubiri mpaka tuzikwe!" Watu wakacheka. Ningekuwa mimi ningejificha wiki nzima. Yeye akawageukia watoto: "Haya, nani ataniokoa? Nitafutieni mepo halisi!" Wakatimka kama kuku waliofunguliwa banda. Tangu hapo kila mwaka anawapeleka kwenye mti ule ule makusudi, ili wamkamate akikosea. Mimi sijawahi kukosea mti, na hakuna mtoto aliyenipigia makofi.

Haki yake nimpe. Ndiye aliyerudisha hapa kituoni shira ya moto kumwagwa juu ya theluji, na achari ya matango pembeni, kama bibi zetu walivyofanya, ili ulimi ukichoka na utamu uamke, ule tena.

Sasa mkurugenzi wetu, Bwana Tuttle, alisema Bi Hester akiondoka vipindi vya familia vifungwe, watu waonyeshwe filamu ukumbini. Filamu! Nikasema nitawaongoza mimi.

"Mzee Gadbois," akasema, "wewe watoto wanakuogopa."

Bi Hester akadakia, "Mpe Jumamosi moja tu. Moto nitamshikia mimi."

Iliniuma kwamba nafasi yangu imepitia mdomoni mwake. Lakini niliichukua.

Siku hiyo nikaenda moja kwa moja kwenye mepo wenyewe. Ujinga siuigizi. Nikatoboa, maji yakachuruzika, nikaeleza vizuri kabisa. Watoto wakaanza kurushiana theluji. Bwana Tuttle akaanza kutazama saa. Ndipo kasichana kamoja kakauliza, "Babu, mti unaumia?"

Bi Hester hilo hulijibu kwa hadithi ndefu. Mimi nilivua glavu, nikashika kidole cha yule mtoto nikakiweka kwenye kovu la tundu la zamani lililojifunga. "Hili nilitoboa mimi, wewe hujazaliwa. Ulipona wenyewe. Na bado unatupa maji."

Wote wakaja kugusa. Wakasukumana, wakagombania makovu. "Babu, na hili? Na hili la juu?" Nilipogeuka nikamwona Bi Hester nyuma ya watu, kijiko cha kuchotea shira mkononi. Uso ule naujua. Ndio niliokaa nao mlangoni pa banda miaka yote hii. Karai alikuwa ameliacha peke yake na shira ikaungua. Mtu mwingine ningemfokea mpaka theluji iyeyuke. Yeye sikumfokea.

Bwana Tuttle amekubali. Vipindi vipo Machi ijayo, na mbele nitasimama mimi.

Asante, Bi Hester, kwa kazi yote. Upumzike vizuri, magoti yapate nafuu, uamke saa utakayo. Na Machi ukishindwa kukaa nyumbani, njoo. Simama na wageni, kula shira yangu, na mimi nikisema vizuri kuliko wewe, piga makofi tusikie.

Armand Gadbois, bandani