Picha Ukutani mwa Mkahawa wa Kiitaliano

Ndani ya basi, muuguzi aliyekaa nyuma ya wanawake wawili alijifanya amesinzia, ingawa masikio yake yalikuwa kazini. Mwanamke mwenye gauni jipya alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti kuhusu mkahawa wa Kiitaliano ulioko mtaa wa watalii.

"Dada, nakula tambi zangu, nainua macho, najiona ukutani! Kwenye picha, nimevaa gauni hili nililonunua leo. Watu nisiowajua wamenikumbatia, tunacheka."

"Kaka yangu naye alijiona pale," jirani alisema taratibu. "Akarudi kuuliza wale watu ni kina nani."

"Wakamwambiaje?"

"Hatujamwona tena. Usirudi, dada yangu."

"Nisirudi vipi, na mimi nimo?"

Basi liliposimama, mwenye gauni alishuka, akavuka barabara kungoja la kurudi. Muuguzi alifungua dirisha amwite, lakini basi lilikuwa limeshaondoka.